Mfalme wa Risasi: Uchambuzi wa Kisa cha Mji Uliomsimamisha Mfalme Kisha Ukamyeyusha

Kuhusu kisa hiki

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini yale laini na mazito yanayoyeyuka upesi, na kwa kile kinachoruka kutoka kwenye mtutu wa bunduki. Kisa ninachokichambua kinakaa ndani ya neno hilo. Mwaka 1770 watu wa New York, wakati huo koloni la Uingereza, walimsimamisha mfalme wao George III juu ya farasi: sanamu ya risasi iliyopakwa dhahabu. Miaka sita baadaye walimwangusha, wakamkatakata, na vipande vikasafirishwa kwenda kuyeyushwa ili viwe risasi za kuwapigia askari wake.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Wamarekani walichoshwa na kodi, wakaasi. Jibu hilo linatosha kwenye mtihani, ila halielezi sanamu. Hakuna aliyewashika mkono kuijenga. Waliipigia kura wenyewe, wakailipia wenyewe, na walifanya hivyo baada ya ugomvi wa kodi, si kabla yake. Anayetaka kuelewa mapinduzi yale aanzie hapo.

Watawala na makamanda nimewataja kwa kuwa wako kwenye kumbukumbu za umma. Raia wa mji nimewaacha bila majina. Mmoja wao, tajiri wa bidhaa za kutoka ng'ambo, nitamwita Mfanyabiashara tu.

Mji na mfalme wake

Bunge la London lilipitisha Sheria ya Stempu Machi 1765. Karatasi za mahakama, magazeti, leseni, hata karata za kuchezea, vyote vilitakiwa kulipiwa stempu kuanzia tarehe 1 Novemba. Oktoba mwaka huo wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York kupinga. Jambo la kwanza waliloandika kwenye azimio lao halikuwa kodi. Walianza kwa kusema kwamba wana utii uleule kwa Taji la Uingereza kama raia waliozaliwa Uingereza kwenyewe. Malalamiko yalifuata baada ya hapo.

Usiku wa tarehe 1 Novemba umati ulimtengenezea kaimu gavana, mzee Cadwallader Colden, sanamu ya kumdhihaki. Wakalichukua na gari lake la farasi, wakaviteketeza vyote pamoja katika uwanja wa Bowling Green, mwisho wa Broadway, mbele ya ngome. Ukumbuke uwanja huo, na umkumbuke na huyo mzee.

Sheria ilifutwa Machi 1766. Habari zilipovuka bahari, mji ulilipuka kwa shangwe, na Juni hiyohiyo baraza la koloni likapiga kura ya kuagiza sanamu mbili kutoka kwa mchongaji Joseph Wilton wa London. Moja ilikuwa ya William Pitt, mwanasiasa aliyewatetea bungeni. Nyingine ilikuwa ya mfalme mwenyewe, juu ya farasi, amevaa kama kaisari wa Roma.

Kwa nini mfalme, wakati ile sheria ilipita kwa idhini yake? Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. "Mzee hana shida, wanaomzunguka ndio wabaya." New York ilifikiri hivyohivyo, na ilikuwa na hoja ya kisheria nyuma yake. Makoloni yalianzishwa kwa hati za Taji. Bunge hawakulichagua wala hawakuwa na mwakilishi ndani yake. Kwa hiyo kifungo chao kilikuwa kwa mfalme, si kwa Bunge, na walimhesabu mfalme kuwa ndiye kinga yao dhidi ya Bunge hilo. Sanamu ilikuwa shukrani, na ndani ya shukrani mlikuwa na dai: umetulinda, endelea kutulinda.

Siku ileile Sheria ya Stempu ilipofutwa, Bunge lilipitisha sheria nyingine iliyosema kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Katikati ya shangwe ni wachache walioisoma kwa makini.

Mfululizo wa matukio

Miaka minne sanamu ikiwa London, mambo hayakutulia. Mwaka 1767 Bunge liliamua kulisimamisha baraza la New York, lilelile lililoagiza sanamu, hadi likubali kugharamia askari wa mfalme waliokaa mjini. Januari 1770 askari waliukata mlingoti wa uhuru, alama ya upinzani ambayo vijana wa mji walikuwa wakiisimamisha kila ikiangushwa, na siku mbili baadaye raia na askari wakapigana barabarani kwa marungu na singe.

Miezi saba baada ya vurugu hizo, tarehe 16 Agosti 1770, sanamu ikazinduliwa. Mizinga ilipigwa, muziki ukachezwa, wakubwa wa mji wakanywa kwa afya ya mfalme. Aliyewaongoza ni Cadwallader Colden, tena kaimu gavana, katika uwanja uleule wa Bowling Green ambako miaka mitano nyuma walichoma gari lake. Sidhani kuna picha nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi watu hawa walivyotenganisha hasira na utii. Aliyemchoma mwakilishi wa mfalme jana aliweza kumshangilia mfalme leo, asione kwamba amegeuka.

Mwaka 1771 uwanja ulizungushiwa uzio wa chuma, na mwaka 1773 ikatungwa sheria ya kuwaadhibu watakaoziharibu sanamu. Mtu hatungi sheria ya namna hiyo kama hajaanza kuwa na wasiwasi.

Kisha ukaja ugomvi wa kodi ya chai, na Aprili 1775 damu ikamwagika Lexington, karibu na Boston, na vita vikaanza. Mfanyabiashara wetu alikuwa amekwenda Philadelphia mwaka 1774 kama mjumbe wa mji kwenye Kongresi ya kwanza, mkutano wa pamoja wa makoloni, akatia saini makubaliano ya kususia bidhaa za Uingereza. Sasa akawa mwenyekiti wa kamati iliyosimamia mgomo huo mjini. Hakuwa mtu wa pembeni.

Tarehe 25 Juni 1775 mji ulipata ugeni wa watu wawili kwa mpigo. George Washington alikuwa akipita kwenda kulichukua jeshi la waasi karibu na Boston. Gavana wa mfalme, William Tryon, alikuwa akirejea kutoka Uingereza. Viongozi walimwagiza kanali wa wanamgambo agawe vikosi vyake, awe tayari kumpokea yeyote atakayetangulia kufika. Washington alifika mchana, akashangiliwa. Tryon alishuka jioni, akashangiliwa, na wengi wa waliokuwepo mchana walikuwepo na jioni. Ni rahisi kuwacheka. Mimi naona waliamini bado kwamba mtu anaweza kulipigania jimbo lake na kubaki raia wa mfalme, na siku ile hakuna aliyewalazimisha kuchagua.

Wiki mbili baadaye Kongresi ilimwandikia mfalme ombi la mwisho, lililoandikwa na John Dickinson. Lugha yake ni ya unyenyekevu kabisa: sisi ni raia wako waaminifu, tuepushe na mawaziri wako. Lilipofika London mfalme alikataa kulipokea. Alikuwa ameshatoa tangazo, tarehe 23 Agosti, kwamba makoloni yako katika uasi. Desemba ikapita sheria iliyoyatoa makoloni nje ya ulinzi wa Taji, na meli zao zikaruhusiwa kukamatwa kama za adui.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Januari 1776 kijitabu cha Thomas Paine kilimshambulia mfalme mwenyewe waziwazi, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lingeonekana kufuru. Tryon alikuwa ameshakimbilia melini na kuendesha serikali yake kutoka bandarini. Katika kanisa la Trinity, mchungaji Charles Inglis aliombwa kuacha dua ya kumwombea mfalme, akakataa. Askari wa Washington wakaingia ibadani na ngoma na bunduki zao, naye akaendelea kuomba. Uhuru ulipotangazwa aliona heri kulifunga kanisa kuliko kuiruka dua hiyo.

Mwisho wa Juni meli za kivita za Uingereza zilianza kujaa mlangoni mwa bandari, na mapema Julai jeshi la jenerali wa Uingereza William Howe likashuka Staten Island, kisiwa cha jirani, ambako wenyeji walilipokea kwa furaha. Tarehe 9 Julai baraza jipya la New York, likiwa limehamia White Plains, liliidhinisha uhuru. Jioni ya siku hiyo Tangazo la Uhuru, lililotolewa na Kongresi huko Philadelphia, lilisomwa mbele ya vikosi vya Washington mjini. Lilipokwisha, askari na raia walishuka Broadway hadi Bowling Green, wakatupa kamba, wakavuta.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa 1766, ulikuwa wa baraza la koloni, nao ulikuwa na akili kuliko unavyoonekana. Kumshukuru mfalme hadharani ni kumfunga. Ukishamwita mtu mlinzi wako mbele ya watu wote, siku asipokulinda aibu ni yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mfalme. Hakuwa mjinga wala dhalimu wa hadithini. Aliamini kwamba kusimama na Bunge lake ndiyo kazi ya mfalme wa katiba, na kwamba angeyasikiliza makoloni dhidi ya Bunge angekuwa anarudisha mamlaka ambayo wafalme wa Uingereza walipokonywa karne iliyotangulia. Kwa mantiki ya London alikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mantiki hiyo iliuondoa msingi pekee uliowafunga watu wa ng'ambo kwake. Sheria ya Desemba 1775 ndiyo iliyokata kamba. John Adams, mjumbe wa Kongresi, aliisoma akasema, kwa maneno yake, kwamba huenda ni bahati tendo la uhuru likitoka kwa Bunge la Uingereza badala ya Kongresi. Mei 1776 Kongresi ilitumia hoja hiyohiyo: mfalme amewatoa raia wake katika ulinzi wake, kwa hiyo mamlaka yote yanayotoka kwake yakomeshwe. Tangazo la Uhuru nalo, ukilisoma orodha ya mashtaka, karibu kila mstari unaanza na "yeye". Bunge halitajwi kwa jina. Huwezi kuvunja kiapo na mtu uliyekwisha kusema hana haki juu yako, na Bunge walikuwa wamelikana zamani.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa umati, tena ulifanywa bila amri. Kesho yake Washington alitoa agizo akisema anaamini waliofanya hivyo walisukumwa na moyo wa kupenda jambo jema, ila lilionekana kama ghasia, na mambo ya namna hiyo waachiwe wenye mamlaka. Hakuamuru sanamu irudishwe. Risasi ilikuwa adimu jeshini, na pale uwanjani zililala ratili zipatazo 4,000.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa Mfanyabiashara. Alikuwa amepinga kodi, amesusia bidhaa, ameongoza kamati. Uhuru ulipokuja alikataa kuendelea. Kwake yeye madhumuni ya upinzani wote yalikuwa kumrudisha mfalme kwenye wajibu wake, si kuishi bila mfalme. Nduguye wa damu alikwenda upande wa pili.

Matokeo

Kichwa kilikatwa na ilikusudiwa kisimikwe juu ya mti, lakini mhandisi wa jeshi la Uingereza, John Montresor, alimtuma mtu akakiiba kutoka kwenye hoteli moja ya njiani. Kilizikwa, kikafukuliwa, kikapelekwa Uingereza ili watu waone utovu wa shukrani wa makoloni. Mwaka 1777 kilionyeshwa katika nyumba ya Lord Townshend kwa mgeni mmoja: Thomas Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, mzaliwa wa Boston, sasa mkimbizi kwa sababu ya utii wake. Aliona pua imeumia na dhahabu bado inang'aa. (Wasomaji wa Nairobi wataikumbuka sanamu ya Malkia Victoria ya Jeevanjee Gardens, iliyokatwa kichwa mwaka 2015. Kwa nini kila mara kichwa, sijui.)

Kiwiliwili kilisafirishwa hadi Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mjumbe wa Kongresi. Wanawake na watoto walikaa wakayeyusha na kumimina kwenye kalibu, na hesabu iliandikwa: risasi 42,088. Mtu mmoja wa posta alitania kwamba sasa askari watapigwa kwa utukufu wa mfalme ulioyeyushwa. Lakini vipande vyote havikufika. Njiani, katika kijiji kimoja, watiifu wa mfalme waliviiba vingine wakavificha kwenye mabwawa na mashamba, na hadi leo vipande vinaendelea kufukuliwa huko. Usiku watu walihatarisha maisha kuuzika mguu wa farasi wa risasi. Huo nao ni utii, tena usio na mizinga wala muziki.

Septemba 1776 Waingereza waliuteka mji, na waliukalia hadi tarehe 25 Novemba 1783. Sanamu ya Pitt, ya yule mtetezi, sasa ikawa zamu yake: askari wa Uingereza waliivunja kichwa. Watiifu walikimbilia New York kutoka kila upande. Mwishoni mwa Novemba 1776 raia 547 walitia saini tamko lao wenyewe, la kutangaza kwamba wanamtegemea mfalme, nakala iliyogeuzwa ya lile la Philadelphia. Mfanyabiashara alibaki mjini. Mwaka 1779 serikali ya wazalendo, yaani waasi, ilimtaifishia mali na kumfukuza kwa sheria, vita vilipokwisha akaondoka, na alifia Uingereza mwaka 1791. Kutoka bandari ile peke yake waliondoka watu karibu 30,000.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kilichofaa kwa wazalendo ni kuchelewa. Kwa miaka kumi walikataa kumlaumu mfalme, na ingawa wengine waliona ni woga, kuchelewa huko kuliwapa watu wengi wa katikati muda wa kufika. Mtu aliyeandika ombi la unyenyekevu Julai 1775, akajibiwa kwa meli za kivita, hakuhitaji mhubiri wa kumgeuza. Kasi ya hasira ya Julai 1776 ilitokana na kina cha mapenzi ya Agosti 1770. Umati hauvuti kamba hivyo kwa mtu ambaye haukuwahi kumjali.

Kilichoharibika upande wa London ni kusoma utii kama unyonge. Waliona sanamu, wakasikia dua za kanisani na mizinga ya siku ya kuzaliwa mfalme, wakahitimisha kwamba watu hawa ni wa mfalme hata iweje. Hawakuona sharti lililokuwamo.

Upande wa watiifu kosa halikuwa la moyo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano miongoni mwa weupe alibaki upande wa Taji, na si matajiri tu: walikuwamo wakulima wapangaji, maseremala, wahamiaji wapya, watu wa dini ndogondogo waliowaogopa majirani zao kuliko mfalme. Kosa lao lilikuwa kungoja. Waasi walikuwa na kamati katika kila kijiji, watiifu walikuwa na matumaini kwamba jeshi litakuja. Na jeshi lilipokuja, mji mtiifu kuliko yote ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa miaka saba. Watiifu waliomba mara kwa mara warudishiwe mahakama na serikali ya kiraia. Hawakurudishiwa hadi meli ya mwisho inaondoka. Waliokuwa wameshikilia kwamba mfalme ndiye mlinzi wa haki zao waliishi bila haki hizo chini ya bendera yake.

Kundi moja la watiifu lilijadiliana kwa macho makavu zaidi. Mwaka 1779 Jenerali Clinton wa Uingereza aliahidi usalama kwa watumwa wa waasi watakaokimbilia kwa Waingereza. Maelfu walikwenda. Utii wao haukuhitaji sanamu: walikuwa wanabadilisha huduma kwa uhuru, na pande zote mbili zilijua bei. Mei 1783 Washington mwenyewe alimdai Kamanda Carleton wa Uingereza awarudishe kwa wenyewe, Carleton akakataa, na majina ya watu 3,000 hivi yakaandikwa katika daftari moja kabla hawajapanda meli kwenda Nova Scotia, katika Kanada ya leo. Huko wengi walipewa ardhi ya mawe au wasipewe kabisa. Mwaka 1792 karibu 1,200 wao walivuka bahari hadi Freetown, Sierra Leone, wakiahidiwa mashamba yasiyo na kodi.

Kampuni ya Kiingereza iliyoendesha koloni hilo ikawadai kodi ya ardhi. Mwaka 1800 waliasi. Uasi ulizimwa kwa askari walioletwa kwa meli, na mmoja wa waliohukumiwa kuhamishwa alikuwa mtu ambaye miaka ishirini na nne nyuma alitoroka utumwa huko Mount Vernon, shambani kwa George Washington, akaenda kumtumikia mfalme.